Jibu: Pramod Bhagat hakukutwa na dawa

Umeuliza kama Pramod Bhagat, mchezaji wa badminton wa India, alikosa Paralimpiki (michezo ya watu wenye ulemavu) ya Paris 2024 kwa sababu alikutwa na dawa za kuongeza nguvu. Hapana, hakukutwa na dawa yoyote. Wachezaji wa ngazi yake hutakiwa kutoa taarifa kila mara wanapatikana wapi, ili wapimaji wawafikie bila kuwaarifu. Yeye alikosea mara 3 ndani ya miezi 12, na hilo linahesabiwa kuwa kosa la kanuni za dawa hata kama damu ni safi. Alifungiwa miezi 18. Alikata rufaa CAS, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, akashindwa.

Iliniuma sana, maana huyu ndiye bingwa wa kwanza wa badminton katika Paralimpiki kutoka India. Polio ilimpata mguuni akiwa mtoto mdogo. Anacheza daraja la SL3, la wanaocheza wakiwa wamesimama wenye ulemavu wa miguu, ambako mchezo wa mmoja mmoja huchezwa nusu ya uwanja kwa upana, kwa hiyo mbio ni za mbele na nyuma. Itafute fainali ya Paralimpiki ya Tokyo dhidi ya Daniel Bethell wa Uingereza: seti ya pili alikuwa nyuma kwa pointi 8, akatulia, akawa anadondosha kinyoya karibu na wavu hadi akashinda 21-14, 21-17.

Paris dhahabu ya SL3 ilibaki India. Nitesh Kumar, aliyepoteza mguu kwa ajali ya treni mwaka 2009, alimfunga Bethell huyohuyo, seti ya tatu ikiisha 23-21.