Omba, Lakini Mkono Usiutoe

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa kazini, ndiyo kwanza katoka chuo, aliniuliza swali tukiwa tunakunja gozi. "Dada, mgonjwa akibadilika ghafla, wewe unaombaje?" Nikamjibu kwa mkato kwamba siombi, nafanya kazi. Akanitazama kama nimetukana. Usiku nikaona sikumtendea haki, maana jibu lenyewe ni refu, na linaanzia Newala, msimu wa korosho.

Mimi ni nesi, mtoto wa Lindi mjini. Nimekulia karibu na bahari, madrasa kwanza, shule baadaye. Ajira ikanipandisha kwenye uwanda wa juu wa Makonde, zahanati ya kijijini, ambako asubuhi za Juni na Julai unavaa sweta na maji ni ya kubeba kwa madumu. (Anayeijua Newala anajua kuwa ndoo ya maji kule haimwagwi hivi hivi. Imenawia, imefulia, ndipo iende kwenye mchicha.) Tulikuwa wawili tu, mimi na mhudumu wa afya, mama mtu mzima aliyekuwepo pale tangu zahanati inafunguliwa.

Nilifika kule nimekauka. Mwaka mmoja nyuma, kwenye kituo kingine, mama mmoja alinifia mikononi. Baada ya hapo niliendelea kuswali, kwa sababu magoti yanaijua njia, lakini dua ya mgonjwa ilikatika. Kila nikitaka kumwombea mtu, nasikia kama yule wa kwenye simu: namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

Basi, Novemba moja. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili mwenyewe asijulikane.) Mama aliletwa saa nne usiku, uzazi wa tano, uchungu umekolea, amesindikizwa na mama yake mzazi. Mume alikuwa amelala ghalani analinda magunia yake akisubiri mnada. Saa nane kasoro akajifungua mtoto wa kiume, akalia vizuri. Nikampiga mama sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza kizazi kisivuje damu, uniti 10, ndani ya dakika ya kwanza. Kondo la nyuma likatoka, nikaligeuza nikalikagua, limekamilika. Nikakaa kuandika.

Kilichoniinua ni sauti. Kitu kinadondoka sakafuni, kidogo kidogo, kwa mpangilio. Nikadhani dumu linavuja.

Kizazi baada ya kuzaa, ukikibonyeza usawa wa kitovu, kinatakiwa kiwe kigumu kama mpira uliojaa upepo. Chake kilikuwa donge la unga lililozidi maji, vidole vinazama. Nikaanza kusugua. Kinakaza, nikiachia kinalegea. Kibofu kilikuwa kimejaa, nikaweka katheta, mpira wa kutolea mkojo. Vidonge vinne vya misoprosto, navyo vya kukaza kizazi, mikrogramu 800, chini ya ulimi. Kanula mbili nene kwenye mishipa, dripu zinakimbia. Mhudumu akapiga simu ya gari la wagonjwa, akajibiwa gari limekwenda na mgonjwa mwingine. Nikavaa glavu ndefu nikafanya lile tunalofundishwa sote na kuomba lisitufike: mkono mmoja ndani umekunja ngumi, mwingine juu ya tumbo, kizazi katikati, unabana. Damu ikapungua. Nikilegeza, inarudi.

Maneno hayakuja. Mimi niliyefundishwa dua ya kuingia chooni na dua ya kuuona mwezi, sikukumbuka hata moja. Bibi wa mtoto alikuwa pembeni na rozari yake, anaomba kwa Kimakonde, na neno pekee nililolidaka lilikuwa Nnungu, Nnungu. Nikamwambia, "Bibi, omba, lakini shika na hii chupa ya dripu, iinue juu." Akafanya yote mawili, rozari imemning'inia kwenye kiganja kile kile kilichoshika chupa.

Kilichonijia kichwani hakikuwa dua. Kilikuwa kisa. Nyumbani kwetu bibi yangu alikuwa akiwasomea wajawazito wa mtaani Suratu Maryam, nasi watoto tukijua kilichomo. Bibi Maryam ameshikwa na uchungu, yuko peke yake chini ya mtende, anatamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Kisha, aya ya 25, anaambiwa alitikise shina la mtende, zitamdondokea tende mbivu. Kisa hiki kilinikera tangu mdogo. Mwanamke yuko kwenye uchungu, shina la mtende wanaume watatu hawalitikisi, Mungu si angezidondosha tu mwenyewe? Niliuliza madrasa nikakalishwa nje mpaka adhuhuri.

Usiku ule nilikuwa nimelishika shina. Sikuwa na nguvu ya kulitikisa, wala sikuwa na ruhusa ya kuliachia. Hilo tu. Sikuona nuru, sikusikia sauti, na kama unasoma hapa ukitarajia nimwone malaika kwenye kona ya chumba cha kuzalia, nisamehe. Niliacha kuuliza kama namba inapatikana, basi.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alilala dereva wa pikapu, gari lake limejaa korosho za watu. Mhudumu alimgongea dirisha. Hakuuliza nauli. Alishusha magunia kumi na moja barazani kwetu, moja moja, peke yake, kukiwa giza. Asiyewahi kuishi kusini hawezi kuelewa maana ya kuyaacha magunia kumi na moja ya korosho barazani, hayana mlinzi, msimu wa mnada. Tukatandika godoro nyuma. Mama kalala, mimi nimepiga magoti mkono haujatoka, bibi kasimama ameegemea kibini, chupa juu. Mhudumu mbele na mtoto kifuani. Njia ni mchanga mtupu, karibu saa nzima. Nilihesabu moja mpaka mia, nikifika naanza upya. Hospitalini wakampokea, akaingizwa chumba cha upasuaji, akaongezewa damu. Alipona, na kizazi hakikutolewa.

Nje, kwenye benchi, bibi akaniuliza, "Mwanangu, sikukusikia ukiomba."

"Nilikuwa nahesabu, bibi."

"Nilikuona umeshika. Nikaomba na ya kwako."

Sasa nije kwako, mdogo wangu uliyeniuliza.

Ibada ya zamu inaanzia kwenye droo. Kabla hujapokea ripoti na kunywa chai, fungua, hesabu: oksitosini ngapi, misoprosto ngapi, kanula nene zipo, glavu ndefu zipo. Angalia jokofu lina nyuzi ngapi, kwa sababu oksitosini inataka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikishinda nje kwenye joto letu unaweza kumpiga mama sindano ya maji huku ukisema bismillahi. Siku hizi kuna na asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu iache kutoka. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani linataka ianze kutolewa ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue, gramu 1 kwenye mshipa, polepole, kama dakika 10. Mimi usiku ule sikuwa nayo. Kuna na namba ya bure 115 ya m-mama ya kuitia usafiri wa dharura, iandike ukutani kwa maandishi makubwa, maana mkono ukiwa ndani ya mtu huna wa kutafutia namba kwenye simu.

Ndugu wa mgonjwa wape kazi. Anayelia anaweza kushika chupa. Anayeomba anaweza kumfunika mtoto. Nimeona wenzangu wanawafukuza ndugu nje kwa ukali, na mara nyingine inabidi, lakini ndugu aliyeshika kitu haanguki, wala kesho hatasema mlimuua mtu wake kwa siri.

Kuna jambo naliogopa zaidi ya damu. Ni haraka yetu ya kusema "mapenzi ya Mungu." Mama amefariki, hata mwili haujapoa, tayari tumempa Mungu faili. Kumbe glavu hazikuwepo, au oksitosini ilikuwa imeisha muda wake tangu mwezi uliopita, au nesi alikuwa peke yake na vitanda vitatu. Kaa kwanza kwenye kikao cha kujadili kifo, sema ukweli wa saa na dakika, hata ule unaokugusa wewe. Ukishamaliza hapo, ndipo uende msikitini au kanisani. Mimi nilikwenda kwa mpangilio wa kinyume, na naamini ndiyo sababu nilikauka.

Ushuhuda nao una mipaka. Nimeona kwenye magrupu ya WhatsApp nesi anasimulia "jinsi Bwana alivyonitumia," jina la mgonjwa lipo, kijiji kipo, na picha ya mtoto juu. Yule mama hakuja kuzaa ili wewe upate ushuhuda. Mwombee, funga mdomo.

Na yule aliyenifia? Utaniuliza, najua. Mikono ilikuwa hii hii. Watu wema wamenipa majibu mengi, nimeyashukuru yote na sijatumia hata moja. Ninachofanya ni kumtaja jina kila usiku wa Ijumaa ninapowarehemu wazee wangu, yeye na wao pamoja. Yuko katikati ya babu na shangazi. Mwanzo ilikuwa adhabu niliyojipa. Siku hizi nikimruka kwa usingizi, naamka kumtaja.

Tulirudi zahanati jua limeshatoka, kwa pikapu ile ile. Magunia yalikuwa barazani. Kuku alikuwa juu ya moja, na mtu fulani, mpaka leo sijui nani, alikuwa amefagia uwanja akayazunguka. Dereva akayahesabu mara mbili, kumi na moja, akaanza kuyapakia bila kusema kitu.

Nikaoga kwa nusu ndoo, nikabadilisha nguo, nikatandika mswala nilipe alfajiri iliyonipita. Nikainua mikono kwa takbira. Wa kushoto ukafika sikioni. Wa kulia ukaishia kifuani, unatetemeka, vidole bado vimekunja ngumi.