Jibu: 2147483647 haigawanyiki

Mdogo wangu wa Nyakato, umeuliza kwa nini mchezo wa simu uliouona kwa mafundi wa Makoroboi unagota kwenye alama 2147483647, na kama namba hiyo inagawanyika. Haigawanyiki. Ni namba tasa: 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Mchezo unagota hapo kwa sababu ndiyo namba kubwa kabisa inayoenea kwenye biti 32 (nafasi 32 za 0 au 1), moja ikiachiwa alama ya hasi au chanya.

Ila utamu uko kwenye uthibitisho. Mwanahisabati Leonhard Euler alikuwa ameshathibitisha kufikia 1772, kwa mkono! Kwa kawaida ungejaribu namba tasa zote hadi kipeuo cha pili cha namba hiyo, karibu 46,341, nazo ni zaidi ya 4,000. Yeye alizichuja kwanza. Kigawo tasa chochote, tukiite p, lazima 31 igawe p − 1. Na kwa kuwa p ni witiri, basi hata 62 inaigawa p − 1. Tena ukigawa p kwa 8, baki lazima iwe 1 au 7. Unganisha masharti hayo mawili: ukigawa p kwa 248, baki ni 1 au 63 tu. Zinabaki namba zisizofika 400, na nyingi hata si tasa.

Chukua kalamu ujaribu. 63 na 249 zinagawanyika kwa 3, ziache. 311 ni tasa. Gawa 2147483647 kwa 311, utapata baki 35. Tasa inayofuata ya kujaribu ni 1303.