Wakikata mfupa wa pua, pumzi itapita?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 26. Pua yangu ina nundu na nimeamua ifanyiwe upasuaji. Daktari anasema ataondoa nundu, kisha atakata mifupa ya pembeni na kuisogeza ndani. Lakini tundu langu la kushoto hubana, hasa nikilala. Je, baada ya hapo litabana zaidi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Laiti kila mgonjwa angeuliza hivi kabla ya kutia saini fomu! Ndiyo, linaweza kubana zaidi, na aliye na njia nyembamba tangu mwanzo ndiye huumia haraka.

Nundu ikiondolewa, pua hubaki kama nyumba iliyoezuliwa paa, kwa hiyo kuta mbili za mfupa husogezwa mpaka zikutane. Shida ni kwamba gegedu za pembeni, yaani ile mifupa laini inayopindika, zimeshikamana na mfupa huo. Mfupa ukiingia, nazo zinavutwa ndani, na zinabana pale palipo pembamba kuliko pote puani, gegedu inapokutana na ukuta wa kati unaotenganisha matundu mawili, kwa pembe ya nyuzi 10 hadi 15 tu. Hebu weka kidole shavuni kando ya pua, vuta ngozi taratibu kuelekea sikioni, halafu vuta pumzi. Ukiona hewa inapita vizuri, mwambie daktari wako.

Jambo la pili ni patasi inapoanzia. Chini kabisa, ukingoni mwa mfupa, kuna pembetatu ndogo ambayo mimi siigusi, kwa sababu karibu yake ndipo panapoanza ile nyama ya chini ya ndani ya pua. Anayekata chini mno huisukuma pembetatu hiyo pamoja na nyama yake katikati ya njia. Mimi huanza juu yake kidogo, kwa patasi ya milimita 2, ili utando unaofunika mfupa usichanike sana na uendelee kushikilia vipande. Nikikaribia mfupa mnene wa juu, mlio wa nyundo hubadilika, nami husimama.

Niliwahi kumpokea mama mmoja aliyepasuliwa kwingine. Kwenye picha pua yake ilipendeza mno, ila miaka miwili alikuwa akilala mdomo wazi na kuamka koo limekauka. Nilichukua gegedu kwenye ukuta wake wa kati, nikaichonga vipande viwili vyembamba, nikavipachika pande zote mbili za ukuta huo ili kuitanua ile pembe. Vipande hivyo vingewekwa siku ile ile ya kwanza, asingeteseka.

Kwa hiyo muulize daktari kama amekuchungulia ndani ya pua, kama ukuta wako umepinda, na kama ataunyoosha na kuweka vipande hivyo katika upasuaji huo huo. Wiki za mwanzo pua itaziba kwa sababu ya uvimbe, hilo lisikutishe. Miezi ikipita na bado unahema kwa mdomo, rudi kwake.