Boroni Ilinifelisha kwa Nukta Mbili

Juzi msomaji kaniandikia: "Nimekariri elementi 20 za mwanzo, lakini nikiulizwa sifa zake natoka kapa. Nifanyeje?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Huyo ni mimi kabisa.

Jedwali la elementi nililiimba kama shairi. Boroni? Namba 5, alama B, uzito wa atomi 10.81. Nilijiona bingwa. Kwenye mtihani wa mwisho tukaambiwa tuchore molekuli ya boroni moja na fluorini tatu. Nikachora, nikahesabu: boroni imezungukwa na elektroni sita tu. Lakini si tulifundishwa kila atomi hutaka nane? Nikaongeza nukta mbili (kila nukta ni elektroni moja) za kwangu mwenyewe, zisizotoka kwenye atomi yoyote. Mwalimu alizizungushia wino mwekundu, akaandika pembeni: "Hizi umezitoa wapi?" Nilifeli kwa alama chache, na mpaka leo nasema angenihurumia japo nusu alama.

Nilikuja kuelewa baadaye, peke yangu. Boroni ina elektroni tatu tu kwenye mzingo wa nje. Ikishirikiana na fluorini tatu inafikisha sita, na njaa ya mbili inabaki palepale. Njaa hiyo ndiyo tabia yake. Ikikutana na amonia, inadandia jozi ya elektroni za naitrojeni iliyomo ndani ya amonia. Hata asidi ya boriki haigawi haidrojeni yake kama asidi nyingi tulizozoea: inanyakua haidroksidi kutoka kwenye maji, na haidrojeni ya maji ndiyo inayoachwa ikizurura. Nilipoliona hilo nilisimama nikazunguka chumba.

Mengine yalikaa kichwani bila jasho: si metali kamili wala si simetali kamili, fuwele zake nyeusi na ngumu mno, huyeyuka juu ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, hupitisha umeme kwa shida ikiwa baridi, na vizuri zaidi ikipashwa moto. Wanakemia Davy kule London, na Gay-Lussac na Thénard kule Paris, waliitenga mwaka 1808, na hakuna aliyeipata ikiwa safi. Wakubwa nao walihangaika.

Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kuimba. Hesabuni elektroni za nje. Mkimaliza, hesabuni tena. Kariri inakupa makofi darasani, halafu inakutoroka kwenye chumba cha mtihani.

Nawe uliyeniandikia, anza na namba 5. Chora boroni na fluorini tatu, hesabu nukta zinazoizunguka boroni. Zikitoka sita, weka kalamu chini.