Kuomba ruzuku ya kulinda bahari ukiwa Moshi: anza na mizani na daftari

Watu wa hapa Moshi wakisikia kwamba nasaidia vikundi vya pwani kuandika maombi ya ruzuku, swali lao la kwanza huwa lile lile: sisi na bahari wapi na wapi? Wanasahau kwamba maji ya Mto Karanga yanayopita pembeni mwa mji yanaingia Weruweru, yanakwenda Kikuletwa, yanatulia bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu yanateremka na Mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi, safari ya karibu kilomita 500. Chupa ya plastiki inayotupwa mtoni huku ina njia ya kufika kule. Na maji yanapopungua kwa sababu ya kumwagilia na matumizi mengine ya huku juu, chumvi ya bahari hupanda na mto, na mkulima wa minazi wa Pangani ndiye anayelipa. Kwa hiyo mtu wa bara kuandika andiko la bahari si kiherehere. Ila kuna namna ya kuliandika, na wengi wanaoniletea rasimu zao wanaanzia mwisho.

Wanaanzia kwenye tangazo la mfadhili. Wanaona ruzuku imetangazwa, wanakopi maneno yaliyomo kwenye tangazo, kisha wanatafuta kijiji cha kuyabandika. Arusha ndiko tabia hii imekomaa zaidi, na sababu yake inaeleweka: mji umejaa mashirika ya wanyamapori na vijana wamejifunzia huko. Rasimu ya tembo inachukuliwa, tembo anatolewa, kasa anawekwa. Niliwahi kusoma moja ambayo bado ilikuwa na neno "shoroba", yaani mapito ya wanyamapori, ukurasa wa pili, katikati ya matumbawe. Lengo la kwanza lilikuwa kuelimisha wavuvi juu ya umuhimu wa bahari. Jamani, mvuvi! Mtu anayejua kila mwamba kwa jina lake na anajua ni upi una pweza bamvua hii, yaani siku hizi maji yanapotoka na kujaa kupita kawaida, umwitie semina umweleze kwamba bahari ni muhimu?

Mfadhili hatoi pesa kwa sababu bahari inaumwa. Hilo analijua na anaambiwa na kila mwombaji. Anatafuta watu waliokwisha kuanza jambo, hata liwe dogo kiasi gani, ambao pesa yake italifanya liende mbali zaidi. Ukilishika hilo, nusu ya andiko inaandikika bila kompyuta.

Nitoe mfano wa pweza kwa sababu ndio ninaoujua vizuri. Vijiji kadhaa vya mwambao wetu hufunga baadhi ya miamba kwa miezi mitatu hivi ili pweza wakue, kisha wanaifungua wote kwa siku moja. Mpango huu unafaa kwa pweza kuliko kwa samaki wengi kwa sababu ya maisha yake: anakua haraka mno na haishi muda mrefu, mwaka au mwaka na nusu tu. Miezi mitatu kwa changu haina maana kubwa. Kwa pweza inamtoa kwenye udogo wa kutupwa mpaka uzito wa kumfurahisha mnunuzi. Tena wanaochokoa pweza kwa miguu maji yakitoka, wengi wao ni akina mama, hivyo faida inafika kwenye mikono ambayo miradi ya uvuvi huisahau, maana mradi ukisema "mvuvi" humwona mwanaume na boti.

Sasa kikundi kinataka ruzuku ya kupanua kazi hiyo. Mfadhili atauliza: mtajuaje kama imefaulu? Hapa ndipo wengi huandika kwamba takwimu za mwanzo zitakusanywa mwezi wa kwanza wa mradi na mtaalamu mshauri, na wanamtengea mtaalamu huyo fungu nene. Mimi nasema hivi: takwimu za mwanzo hazihitaji ruzuku. Zinahitaji mizani ya kuning'iniza, daftari la kaunta, na mtu mmoja anayekuwepo mwaloni kila bamvua. Daftari lipigwe mistari: tarehe, jina la mwamba, idadi ya waliokwenda kuchokoa, idadi ya pweza, uzito, bei. Basi. Ile safu ya idadi ya watu usiiache, maana ndiyo inayotenganisha daftari la maana na daftari la kujifurahisha. Siku mwamba unapofunguliwa, kijiji kizima kinaingia majini na rundo la pweza linakuwa kubwa hata kama hakuna aliyekua. Watu wengi, pweza wengi. Ukigawa kilo kwa watu, ndipo unaona kama kweli kuna jambo. Na mwamba mmoja ambao haukufungwa nao upimwe siku zile zile, upate cha kulinganisha.

Kikundi kimoja nilichokisaidia kilikuja na daftari lao likiwa limelowa, kurasa zimeshikana, na pembeni mwa safu ya bei mwandishi ameandika kwa kalamu nyekundu "mnunuzi hakuja". Nilipiga picha ukurasa ule ule na kuuambatanisha. Grafu yoyote ningeweza kuichora, lakini ukurasa ule ulieleza kitu ambacho hatukukifikiria kukiweka kwenye tatizo la mradi: kufungua mwamba siku ambayo hakuna barafu wala mnunuzi ni kumwaga kazi ya miezi mitatu. Bajeti ikabadilika. Badala ya fulana na kofia zenye nembo, tukaweka majokofu ya kubebea na fedha za kikao cha kupatana na wanunuzi kabla ya siku ya kufungua.

Kalenda. Hapa mtu wa Moshi au Arusha anajulikana mara moja, kwa sababu anapanga kazi za bahari kwa robo za mwaka kama mtu wa ofisini. Bahari ina pepo zake, kusi na kaskazi. Kusi huvuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba, na katikati yake, Juni na Julai, boti ndogo haina raha na chini ya maji hakuonekani vizuri. Ukiandika kwamba utapiga mbizi kuhesabu matumbawe Julai, msomaji anayeijua Bahari ya Hindi atatabasamu na kuliweka andiko lako pembeni. Kazi za miambani za kutembea kwa miguu zinafuata bamvua, mara mbili kwa mwezi, siku chache tu kila mara. Siku hizo usiite mkutano. Mzee mmoja aliniambia kwa upole wa kipwani, "Mwanangu, mkija na semina zenu njooni maji mafu, tutakaa mpaka mchoke nyie." Maji mafu ni zile siku za kati ya bamvua, bahari isipotoka mbali. Ijumaa mchana usipange kitu, na Ramadhani iangalie ilipoangukia mwaka huo. Nikianza kuandika mpango kazi naomba kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa la Tanga, kisha ndipo naweka shughuli.

Ruhusa zinachosha, lakini zina mantiki: kila kipande cha bahari kina mwenyewe serikalini. Mikoko ni msitu wa hifadhi, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Usiahidi kupanda hata mche mmoja kabla hujazungumza nao. Hifadhi za bahari na maeneo tengefu zina kitengo chake chini ya sheria ya mwaka 1994, ile ile iliyozaa Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995. Ukitaka kufanya kazi Maziwe, kisiwa cha mchanga mbele ya Pangani ambacho miti yake iliisha na sasa maji yakijaa kinazama, huko ni eneo tengefu tangu 1975 na kasa bado wanakwenda kutaga. Hapo hata kuhamisha mayai si kazi ya mtu aliyejipa moyo tu. Uvuvi wa kijiji una BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, na afisa uvuvi wa halmashauri. Na mwamba uliofungwa kwa maneno ya kikao, bila sheria ndogo ya kuushika mkono, utafunguliwa usiku na wavuvi wa dago, wale wa kupiga kambi, waliotoka mbali, ambao kikao chenu hakiwahusu. Barua ya mtendaji wa kijiji, muhtasari wa mkutano wenye saini na barua ya halmashauri ziwe mkononi kabla, maana muhuri wa halmashauri hauna haraka ya tarehe ya mwisho ya mtu. Utafiti nao una kibali chake cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Hilo ulizia mapema zaidi ya yote.

Angalia pia nani atapokea fedha. BMU imeundwa kwa ajili ya kusimamia uvuvi, na wafadhili wengi wa nje wanataka asasi iliyosajiliwa yenye akaunti na hesabu zinazokaguliwa. Kuungana na asasi ni sawa, ila mkataba wenu wa ndani uandikwe kabla ya pesa kuonekana: nani anatia saini benki, asilimia ngapi inabaki kwa asasi, boti ni ya nani mradi ukiisha. Undugu huvunjikia kwenye boti.

Bajeti ndiyo sehemu ninayoisoma kwanza rasimu ikiletwa, na nina hakika wafadhili wengi hufanya hivyo hivyo. Hapo mtu hawezi kuficha anachokitaka kweli. Nikikuta posho, hoteli na "uratibu" vimekula zaidi ya petroli, oili na ukarabati wa injini, najua mradi wenyewe uko Arusha, pwani wametajwa tu. Doria bila petroli ni hadithi. Andika lita, siyo jumla: injini ya nguvu ngapi, inakunywa kiasi gani kwa saa, doria ngapi kwa mwezi, bei ya lita mwaloni, ambayo mara nyingi ni juu ya bei ya kituo cha mjini. Weka makato ya benki, weka nafasi ya kubadilika kwa pauni au dola, maana ruzuku huidhinishwa leo na kuingia miezi kadhaa baadaye.

Kisha kuna risiti. Mfadhili anataka risiti, mkaguzi anataka ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na mama anayewapikia wajumbe wali na samaki hana mashine. Msisubiri mpaka wakati wa ripoti ndipo muanze kukimbizana naye. Muulizeni mfadhili kabla ya mkataba kama atakubali hati ya malipo yenye jina, namba ya simu na saini au dole gumba kwa manunuzi madogo ya kijijini, na mpate jibu kwa maandishi. Wengi hukubali wakiulizwa mapema. Halafu ikiwa ruzuku inazidi shilingi milioni 20, someni kanuni za asasi za mwaka 2018 zinazohusu kuitangaza na kupeleka mkataba kwa Msajili.

Nani wa kumwomba? Kwa kikundi, mlango unaojulikana ni programu ya ruzuku ndogo ya GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, inayoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992. Kwa miaka mingi ukomo wake ulikuwa dola 50,000. Kwa mtu binafsi au timu ndogo kuna mfuko wa Rufford wa Uingereza, ambayo hutaka watu watatu wa kukutolea ushuhuda. Kwa papa na samaki aina ya taa kuna mfuko wa Save Our Seas. Conservation Leadership Programme imekuwa ikitaka timu ya watu watatu au zaidi walio mwanzoni mwa kazi zao. Watafiti waende WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, makao yake yako Zanzibar. Masharti hubadilika kila mwaka, soma ya mwaka huo.

Kuhusu hao mashahidi: acha kutafuta profesa mwenye jina asiyekukumbuka. Afisa uvuvi aliyewahi kulowa maji na wewe ataandika mistari sita yenye uzito kuliko kurasa mbili za sifa za jumla. Mpelekee muhtasari wa mradi, mkumbushe tarehe, na umpe wiki za kutosha.

Mimi huandika andiko lote kwa Kiswahili kwanza na kulisoma kwa sauti mbele ya kikundi, mwaloni, chini ya banda. Wanakatiza. "Hapo umedanganya, mwamba ule haufiki watu ishirini." Ndiyo faida yake. Kiingereza kinakuja baadaye, na kikija kinakuwa kifupi kwa sababu mambo yameshakaa sawa.

Tarehe ya mwisho ya London ni ya saa za London. Saa sita usiku kwao ni saa tisa usiku kwetu, na majira yao ya joto ni saa nane. Nasikia watu wakijipa moyo kwa masaa hayo ya nyongeza. Umeme wa Moshi nao una ratiba yake. Tuma siku mbili kabla, kisha piga simu Pangani uwaambie limekwenda, na uwaulize kama bamvua inayokuja mizani ina mtu.