Shangazi, mama mkwe kaniharibia Zanzibar yangu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, nina mume na watoto wawili, mmoja wa miaka minne, mwingine mwaka na nusu. Sikukuu ya Nanenane tuliteremka na SGR kutoka Dodoma hadi Dar, tukapanda boti kwenda Unguja, tukafikia Paje kwa siku nne. Hoteli niliichagua mimi, nimedunduliza mwaka mzima. Wiki moja kabla ya safari mume ananiambia mama yake naye anakuja, maana ametuchangia kidogo nauli.*

*Shangazi, yule mama kanimaliza. Nikiamka nakuta kashawachukua watoto, kawanywesha uji wake wa chupa, chai ya hoteli tuliyoilipia hawaigusi. Bahari yenyewe nayo haipo, ni mchanga na majani mpaka kule mbali. Siku ya pili nimeita mpiga picha, tunatembea na watoto kuelekea mwambani, mama akanipigia kelele mbele za watu: "Rudi na watoto!" Usiku mwezi umejaa, unatoka baharini mkubwa ajabu, mume wangu yuko mchangani na mama yake wanacheka, mimi ndani nalaza mtoto. Nikaumia, nikaandika stetasi: "Kumbe kuna fungate ya watu watatu." Kulipokucha mama kafunga mkoba wake, kapanda boti peke yake, karudi kwao Pangani. Tangu siku hiyo mume ni salamu tu. Nifanyeje ajue kwamba ameoa?*

*Mama Wawili, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kulaza mtoto gizani huku unasikia kicheko cha watu nje si jambo dogo, hata mimi limenikuta. Pole imetosha, sasa tuisome barua yako.

Umeniandikia mambo mawili ukidhani hayajuani: mwezi ulikuwa umejaa, na bahari haikuwapo. Mtoto wa Pwani angekucheka. Mwezi ukipevuka ndipo linapokuja bamvua, maji yanajaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Unguja siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na kufika saa nne au saa tano za mchana yameshakwenda zake. Upande huo wa Paje na Jambiani ufuo ni tambarare, kwa hiyo yakitoka yanatoka kweli, wanawake wa mwani wanakwenda kazini kwa miguu. Hayo unayoyaita majani, mengine ni shamba la mtu. Bahari ilikuwapo, mwanangu. Saa kumi na mbili asubuhi ilikuwapo, na wewe umelala.

Nani alikuwa macho saa hizo? Saa uliyoamka hukuitaja, umesema tu "nikiamka nakuta". Mimi nakuona unatoka saa nne na miwani ya jua, watoto wameshakunywa uji na wamesharudi, nywele zimelowa. Hilo la nywele ni langu, utanisahihisha. Lakini mwanamke wa Pangani hamtoi mjukuu nje alfajiri maji yakiwa mlangoni halafu akamkalisha kwenye kiti cha plastiki. Likizo uliyoidunduliza mwaka mzima watoto wako waliipata. Waliipata kwa bibi yao, ukiwa usingizini.

Tuje kwenye aibu yako ya mbele ya mpiga picha. Ilikuwa saa ngapi? Kama ni saa sita au saba, maji yalikuwa yanarudi. Kwenye ufuo kama ule hayaji kwa wimbi ukaliona. Yanaingia kwanza kwenye mabonde, yanakuzunguka kwa nyuma, na ukigeuka kutazama ulikotoka unakuta mto. Wewe utavuka, yatakufika mapajani. Mapaja yako ndiyo kidevu cha mtoto wa miaka minne. Huyu mdogo umembeba, mkono wa pili una simu, chini kuna mawe na wale wadudu wa miiba mieusi. Ulitaka mkweo aje polepole akunong'oneze? Angekunong'oneza, ningekuwa nakuandikia pole ya namna nyingine.

Halafu "kidogo". Ametuchangia kidogo nauli. Treni ya watu wazima wawili na boti kwenda na kurudi, kidogo ni kiasi gani? Kama ingekuwa kidogo kweli ungeitaja ili nikuunge mkono. Aliyelipa nauli hawezi kuitwa mdandiaji.

Mumeo ana kosa lake, sitamfichia. Habari ya mama kuja ilitakiwa kusemwa siku ya kwanza ya kupanga, si wiki moja kabla. Alikuogopa, na hilo nalo ni la kujiuliza. Ila kukaa mchangani na mama yake, mwanamke aliyezaliwa ufukweni akamsomesha kijana mpaka akaishia kufanya kazi Dodoma kusikosikia wimbi, hilo silioni kosa. Ungetoka nje na mtoto wako begani ukakaa, kicheko kingekuwa cha watu watatu.

Nyinyi wa siku hizi mmechanganya fungate na likizo ya watoto. Unabeba wawili wa nepi na wa maswali, unapanda nao boti, halafu unataka jioni ya mishumaa kama ya kwenye picha uliyoiona. Mtoto hajui hoteli ina nyota ngapi, anataka kaa wa kumkimbiza na mtu wa kukimbia naye. Na hata hilo neno ulilotupia kwenye stetasi umelikosea. Fungate ya asili huku kwetu ilikuwa siku saba, na nyumbani mle alikuwamo somo wa bibi harusi, akipika, akitandika, akiwaangalia maharusi. Mtu wa tatu alikuwamo tangu zamani, na alitunzwa. Wewe umepata wa kupika uji bure, ukamwanika kwa watu mia mbili, na yeye namba yako anayo! Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na wewe bado una miaka 31.

Unaniuliza ufanyeje mumeo ajue ameoa. Anajua, ndiyo maana amenyamaza badala ya kukusemea maneno mazito. Mwache kwanza. Mpigie mama simu, usimwandikie, na mumeo asiwe mjumbe wako. Akipokea kwa baridi, vumilia. Kisha mwisho wa mwezi panda basi na watoto mpaka Tanga, shuka Pangani, ulale siku mbili. Samahani uiseme ya stetasi, kwa jina lake, usiizungushe na "kama nilikukwaza".

Mchukulie doti ya kanga, lakini soma pindo kabla hujalipa. Ukipata "Nani kama mama" chukua. Ukiona limeandikwa neno wambea au wivu, hata rangi iwe nzuri vipi, rudisha, maana wanawake wa huko kanga wanaisoma kabla ya kuikunjua.

Na mkitaka kurudi Unguja, mwulize yeye tarehe. Atakwambia mwende siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, au mfikie Nungwi na Kendwa ambako maji hayaendi mbali hivyo na mtoto anaoga mchana kutwa. Ukiwa jikoni kwake, mwulize pia ule uji anautia nini hata watoto wakayaacha mayai ya hoteli.