Zaburi inayoishia gizani

Mdogo wangu alipougua, mimi ndiye niliyeitwa mtu wa maombi katika familia. Nilifunga, nilikesha, nilimsomea Mungu ahadi zake moja moja kama mdai aliyeshika risiti. Baada ya miezi minane tukamzika. Tangu hapo nikawa siwezi kuomba hata sala ya chakula. Nikipiga magoti maneno hayaji, na yakija ni ya hasira, nami nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba hasira huachwa mlangoni.

Kilichonirudisha ni Zaburi ya 88, ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa. Zaburi nyingi za kilio huanzia shimoni zikapanda. Ya 13 inafungua kwa "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na kufikia aya ya sita mtunzi anaimba. Ya 88 haipandi. Mtunzi wake, Hemani Mwezrahi, analia, anauliza kwa nini Mungu anamficha uso, kisha anatuacha gizani. Basi. Nikajiambia, ikiwa kilio hiki kimepewa nafasi ndani ya Biblia, changu hakitafukuzwa.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndio huu: usingoje moyo utulie ndipo uombe. Azima maneno. Mimi nilisoma aya mbili kwa siku, kwa sauti, bila kuongeza la kwangu. Zaburi moja ikaweza kunichukua wiki nzima. Gethsemane Yesu aliomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale", sasa mimi nani hata nitafute mapya? Siku ambazo hata kusoma kulinishinda, nilikaa kitandani nikahema, nikiikumbuka Warumi 8:26 inayosema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Siku hizo hazikuwa chache.

La pili, usile aya iliyokatwa. Wakati wa msiba nilitumiwa Yeremia 29:11 kwenye simu mpaka nikaichukia: mawazo ya amani wala si ya mabaya. Waliotuma hawakugusa aya ya 10, ambako Mungu anataja miaka 70 ya Babeli. Sura hiyo ni barua ya Yeremia kwa Wayahudi waliohamishwa Babeli, na wengi wa waliosomewa wangefia ugenini. Na juu kidogo wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Nilipoisoma yote ndipo nikaweza kuishika, kwa sababu sasa ilikuwa inasema na mtu ambaye kesho ataamkia palepale. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba, yaani mateso yaliyokuwa mwilini mwake, uondoke, haukuondoka. Aliambiwa neema yamtosha. Sitakudanganya kwamba jibu hilo nililipokea kwa furaha.

Kuhusu watu: rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi yao bora katika kitabu kizima. Tafuta mmoja wa namna hiyo, umwombe akuombee wakati wewe huwezi. Ukipewa chakula, kula. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Ikiwa na wewe umefika hapo pa kutamani kufa, mwambie mtu leo hii, umwone na daktari. Hakuna imani inayopungua kwa hilo.

Kwa nini mdogo wangu alikufa, sijajibiwa. Mwaka huu, siku aliyofariki, nilifungua tena ile ya 88 nikiwa najiandaa kwa giza la mwishoni. Nikanaswa na mwanzo, ambao siku zote nilikuwa naupita mbio: "Ee Bwana, Mungu wa wokovu wangu." Yaani Hemani, pamoja na yote anayotaka kumlaumu, anaanza kwa kumwita hivyo. Usiku ule sikuvuka hapo. Aya zilizobaki nilizisoma asubuhi.